Weezer na albamu ya kijani: kweli au si kweli?

Tarehe 15 Mei 2001 Weezer, bendi ya roki ya Los Angeles, ilitoa albamu ya nyimbo 10 isiyofika hata dakika 29. Haikupewa jina jingine zaidi ya jina la bendi. Kwenye jalada wanaume wanne wamesimama mstari mmoja mbele ya ukuta wa kijani, wanakutazama. Jalada la albamu yao ya kwanza, mwaka 1994, lilikuwa hivyo hivyo, ila ukuta ulikuwa wa bluu. Ujumbe ulieleweka kabla diski haijaingia kwenye redio: tumerudi pale tulipoanzia, kwenye nyimbo fupi zenye viitikio vinavyonasa.

Katikati ya bluu na kijani kulikuwa na albamu nyingine, "Pinkerton" ya mwaka 1996, ghafi na yenye uchungu, na ndiyo iliyozua ugomvi. Kuna mashabiki walioipokea ile ya kijani kama kurudi kwa ndugu aliyepotea. Kuna walioipokea kama usaliti. Zaidi ya miaka 20 imepita na pande hizi mbili bado hazijapatana, na humo katikati yamezaliwa madai ambayo watu huyarudia bila kuyapima. Mimi nazipenda albamu zote tatu, si kwa kiwango kimoja, na huniuma wimbo mwepesi unapohukumiwa kwa sababu tu ni mwepesi. Huniuma vilevile shabiki anayelalamika anapoambiwa hajui kufurahi. Tuyapime madai hayo.

"Mashabiki walitaka Pinkerton nyingine, bendi ikawanyima."

Si kweli kwa wengi waliokuwa mashabiki wakati huo. Albamu ya bluu ilikuwa imeuza mamilioni ya nakala. Video ya "Buddy Holly", iliyoongozwa na Spike Jonze, ilitiwa ndani ya diski ya Windows 95, kwa hiyo hata mtu asiyejua roki ya Marekani ni kitu gani aliweza kukutana na Weezer siku aliyofungua kompyuta yake mpya. Waliokuwa wakisubiri albamu ya pili walisubiri "Buddy Holly" nyingine.

Walichopata ni kitu kingine kabisa. Rivers Cuomo, mwimbaji na mtunzi mkuu, alikuwa amejiunga na chuo kikuu cha Harvard mwaka 1995. Alikuwa pia amefanyiwa upasuaji wa kurefusha mguu uliokuwa mfupi kuliko mwenzake, upasuaji unaomwacha mtu na vyuma vilivyoshikizwa kwenye mfupa kwa miezi. Nyimbo nyingi za "Pinkerton" alizitunga katika hali hiyo: maumivu, upweke, tamaa, aibu. Jina la albamu alilitoa kwenye "Madama Butterfly", opera ya Puccini, ambamo Pinkerton ni ofisa wa jeshi la majini la Marekani anayemwoa binti wa Kijapani kisha akamtelekeza. Safari hii bendi haikumwita mtayarishaji. Walijirekodi wenyewe, magitaa yakakwaruza, sauti ikapasuka palipopasuka, na hakuna aliyepapiga pasi.

Iliingia chati ya Billboard katika nafasi ya 19 na kuanza kushuka. Redio hazikuichangamkia "El Scorcho", wimbo uliotangulizwa. Wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbaya kabisa za mwaka 1996. Sifa zilikuja baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa vijana waliorithishana kaseti na diski, na kutoka kwa bendi za emo zilizosikia humo ruhusa ya kuimba aibu zao waziwazi. Mwaka 2004 jarida lilelile liliihakiki upya na kuipa nyota tano. Cheti cha dhahabu, yaani nakala 500,000 kwa Marekani, kilipatikana mwaka 2001. Cha platinamu kilipatikana mwaka 2016, miaka 20 baada ya kutoka.

Kwa hiyo mtu aliyekaa kutunga albamu ya tatu mwishoni mwa miaka ya 1990 hakuwa anaukimbia ushindi. Alikuwa amemwaga moyo wake hadharani na akaambiwa auzoe. Mapenzi ya watu kwa "Pinkerton" yalikuwa njiani, lakini kwake yalikuwa hayajafika.

"Kampuni ya kurekodi iliwalazimisha kufanya pop."

Si kweli. Dai hili hupendwa kwa sababu linamwacha msanii akiwa safi na kumtwika mfanyabiashara mzigo wote. Aliyetaka nyimbo zinyooke ni Cuomo mwenyewe. Hata wimbo wa kutangulia ulizua mvutano: kampuni iliona "Don't Let Go" ndiyo salama, yeye akashikilia "Hash Pipe", wimbo wenye gitaa zito linalokwenda hatua kwa hatua na simulizi la mtu anayejiuza usiku. Akashinda. Mtu anayeburutwa kuelekea kwenye pesa za redio hachagui wimbo ambao hata jina lake linawasumbua watangazaji.

Ndani ya kijitabu cha albamu waliweka maneno ya Verdi, mtunzi wa opera, yale ya kuhimiza wanamuziki warudi kwenye ya kale kwa kuwa huko ndiko kusonga mbele. Hilo nalichukulia kwa uzito. Ni msimamo wa kisanaa, uwe unaupenda au huupendi, na aliyeuweka pale alijua kwamba ataulizwa.

"Cuomo aliikana Pinkerton mbele ya mashabiki wake."

Kweli. Katika mahojiano ya mwaka 2001, akiitangaza albamu mpya, aliisema vibaya ile ya zamani kwa maneno makali, kama mtu anayetamani isingekuwapo. Wakati huohuo ndipo waliokuwa wameikumbatia walipoanza kujitokeza kwa wingi. Hebu fikiria kijana wa miaka 17 aliyepata kwenye "Pinkerton" lugha ya kuyasema yaliyomsumbua, halafu anamsikia mtunzi akisema kazi ile ilikuwa fedheha. Kidonda hicho hakikutokana na albamu ya kijani. Ila iliibeba lawama yake, na naamini nusu ya hasira iliyoelekezwa kwa nyimbo zile 10 ilistahili kuelekezwa kwa mahojiano yale.

Baadaye alibadilika. Mwaka 2010 "Pinkerton" ilitolewa upya ikiwa na rekodi za ziada, na katika ziara iliyoanza mwishoni mwa mwaka huo bendi ilipiga albamu ya bluu usiku mmoja na "Pinkerton" usiku uliofuata, mwanzo mpaka mwisho, watu wakiimba kila neno.

"Waliolalamika walikuwa wamezoea huzuni tu, hawakuisikiliza albamu."

Si kweli, na nashangaa linavyorudiwa. Wengi wa waliolalamika waliisikiliza kuliko waliosifu, kwa sababu walikuwa na cha kuilinganisha nacho. Katikati ya mwaka 2000, baada ya ukimya mrefu, Weezer ilirudi jukwaani: ilipiga kwenye tamasha huko Japani na kwenye ziara ya Warped nchini Marekani. Huko walijaribisha nyimbo mpya kadhaa. Mashabiki walizirekodi, wakazinakili, wakabadilishana, wakazipa majina kabla ya bendi. Walizikariri. Zilikuwa na misuli na mikunjo, zikiwa nusu njia kati ya bluu na "Pinkerton".

Albamu ilipotoka, sehemu kubwa ya nyimbo hizo haikuwamo. Chache, kama "Slob" na "Dope Nose", zilisubiri mpaka albamu iliyofuata, na nyingine hazikupata albamu kabisa. Kwa hiyo shabiki huyu hakuwa anadai historia irudi nyuma. Alikuwa ameonyeshwa njia nyingine ambayo bendi ingeweza kuishika, akaipenda, kisha njia ile ikafungwa. Lalamiko lake lina sababu na linafaa kusikilizwa kwa heshima, hata na sisi tunaoipenda albamu ya kijani.

"Wimbo mwepesi ni kazi ya mvivu."

Si kweli, na hapa ndipo ningependa tukae.

Baada ya "Pinkerton" kuanguka, na baada ya mpiga besi Matt Sharp kuondoka mwaka 1998, Cuomo alijifungia. Aliishi Los Angeles katika nyumba karibu na barabara kuu, akapaka kuta rangi nyeusi na kuziba madirisha. Katika kipindi hicho aliweka jalada la karatasi alilolipa hadhi ya kamusi kuu ya pop. Humo alichambua nyimbo za Nirvana, Oasis na Green Day, akitafuta zimejengwaje na kwa nini zinashika. Alizifungua kama fundi redio anavyofungua kifaa kizima ili ajue kinavyosema. Alitunga kwa wingi, akatupa kwa wingi.

Sikiliza matokeo yake katika "Island in the Sun". Kordi ni nne tu, zinazunguka kwa mpangilio mmoja karibu wimbo mzima, zikipigwa kwa gitaa laini lenye mkato. Juu yake sauti inatembea taratibu, haipandi mpaka inapohitajika. Kisha gitaa zito linaingia kwenye kiitikio, linajaza chumba kwa muda mfupi, linaondoka, na ule ulaini wa mwanzo unarudi ukiwa na maana nyingine kwa sababu sasa unajua kwamba chini yake kuna nguvu iliyozuiliwa. Ondoa ile sehemu nzito na wimbo unakuwa muziki wa hotelini. Iongeze kidogo tu na ndoto inavunjika. Kupajua mahali pa kukomea ni kazi ngumu zaidi ya kuongeza.

Mtu akiwa na kordi nne hana pa kujificha. Katika wimbo wa dakika nane, kama "Only in Dreams" unaofunga albamu ya bluu, unaweza kukosea dakika ya tatu na kujikomboa dakika ya sita, pale magitaa yanapokwea kwa pamoja. Katika wimbo wa dakika mbili na nusu ubeti ukiwa dhaifu hakuna muda wa kuukomboa. Ndiyo maana bendi nyingi zinazojua kupiga vitu vigumu hushindwa kuandika kiitikio kimoja ambacho mtoto ataondoka nacho nyumbani.

Mtayarishaji alikuwa Ric Ocasek, aliyekuwa kiongozi wa The Cars, bendi iliyojijengea jina mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa nyimbo za namna hiyohiyo, zenye sura ya baridi na kiitikio kisichokuacha. Ndiye aliyekuwa ametayarisha albamu ya bluu mwaka 1993 katika studio ya Electric Lady, New York, ile iliyojengwa na Jimi Hendrix. Alikuwa mtu anayejua gharama ya wepesi.

"Solo za gitaa zinanakili sauti ya ubeti."

Kweli. Katika wimbo baada ya wimbo, gitaa la solo linapopewa nafasi linapiga yaleyale ambayo sauti imetoka kuyaimba, noti kwa noti au karibu na hapo. Wakosoaji wameshikilia jambo hili kuwa ushahidi wa kukosa fikra.

Ushahidi huo haujitoshelezi. Solo ya "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana inafuata sauti ya ubeti, na sijasikia mtu akimwita Kurt Cobain mvivu kwa sababu hiyo. Cuomo aliichambua Nirvana kwa kina na alijua anachokichukua. Solo ya aina hiyo haimtoi msikilizaji ndani ya wimbo ili amshangilie mpigaji. Inamrudisha kwenye sauti ambayo tayari ameanza kuipenda, ikiwa haina maneno safari hii, na anaibeba vizuri zaidi.

Hata hivyo kuna kiasi. Cobain alitumia mbinu hiyo kwa nyimbo fulani. Cuomo aliigeuza kanuni, na ukifika wimbo wa saba unajua solo itasema nini kabla haijaanza. Anayekumbuka solo ya "Say It Ain't So", inavyolia na kujinyoosha mpaka unahisi mtu amefunguka, ana haki ya kuuliza yule mpiga gitaa alikwenda wapi. Hapo niko upande wa wakosoaji.

"Albamu ya kijani haina moyo."

Nusu kweli, na nusu hiyo lazima tuitaje sawasawa, kwa sababu hapa ndipo pande zote mbili hukosea kwa namna moja: zinadhani tatizo, kama lipo, ni wepesi.

Irudie albamu ya bluu. Nyimbo zake nyingi ni nyepesi pia. Kordi ni za kawaida, viitikio vinanasa mara ya kwanza. Lakini ndani yake mna mtu. "In the Garage" inakuingiza kwenye gereji ya kijana mpweke, na unaona alichobandika ukutani na michezo anayocheza huko. "Say It Ain't So" ilitokana na hofu ya utotoni: Cuomo aliona chupa ya bia kwenye friji na akaamini baba wa kambo atawaacha kama baba mzazi alivyowaacha, kwa kuwa ulevi aliuhusisha na kuondoka kwake. Huo ni wimbo wa pop. Unaimbwa na umati mzima viwanjani. Wepesi wake haukuzuia chochote.

Sasa sikiliza maneno ya albamu ya kijani. Ukiiacha "Hash Pipe", kuna mimi, kuna wewe, kuna kupenda na kuondoka, na hakuna jina, mtaa, kitu wala siku. Kila alama ya maisha ya mtunzi imefutwa. Mtu aliyechekwa alipojieleza alirudi na nyimbo ambazo haziwezi kutumiwa dhidi yake. Naisikia hofu hiyo, na naielewa kabisa. Walioisikia albamu wakahisi mlango umefungwa hawakukosea, mlango ulikuwa umefungwa kweli. Walichokosea ni kudhani kilichoufunga ni pop, wakati kilichoufunga ni woga, na woga huweza kukaa hata ndani ya wimbo mzito wa dakika 10.

Kwa nini basi nasema nusu? Kwa sababu sauti yenyewe, mbali na maneno, haikuweza kujificha yote. Katika "Island in the Sun" mna hamu ya kutoroka ambayo mtu aliyeishi kwenye chumba cheusi hakuhitaji kuieleza. Katika "O Girlfriend", wimbo wa mwisho, sauti inakaribia kusema kitu, na magitaa yanaisaidia. Dakika 28 za mtu anayejilinda bado ni dakika 28 za mtu.

"Wangerudisha magitaa mazito, mashabiki wote wangeridhika."

Si kweli. Walijaribu. "Maladroit" ilitoka Mei 2002, mwaka mmoja tu baadaye, ikiwa na magitaa mazito, solo za kweli na utayarishaji wa bendi yenyewe. Cuomo aliweka rekodi za mazoezi kwenye intaneti na kuwaomba mashabiki maoni wakati kazi ikiendelea. Ilikuwa na karibu kila kilichodaiwa mwaka uliotangulia, na bado watu waligawanyika.

"Ni Weezer tu waliopitia haya."

Si kweli, na mfano ulio karibu nasi ni wa mzaliwa wa Zanzibar. Freddie Mercury na wenzake wa Queen, waliokuwa wamejijengea jina kwa nyimbo zenye sehemu juu ya sehemu, walitoa "Hot Space" mwaka 1982, albamu iliyoegemea muziki wa kucheza disko na kuyaweka magitaa pembeni. Mashabiki wa roki wengi waliikataa. Mwaka 1984 ikaja "The Works", gitaa likarejea kidogo, na ndani yake mna "Radio Ga Ga", wimbo mwepesi ambao baadaye ulipigiwa makofi na uwanja mzima wa Wembley. Sioni haja ya kuongeza.

"Shabiki wa kweli huishia albamu ya pili."

Si kweli, ingawa najua dai hili linatoka mahali pa uchungu. Weezer na mashabiki wake wa mwanzo walikuwa karibu kuliko ilivyo kawaida kwa bendi na wasikilizaji wake. Ndugu wawili wa kike walioanzisha na kuendesha chama chao cha mashabiki walijulikana na bendi nzima, na kuna wimbo uliobeba majina yao. Mwaka 1997 walifariki kwenye ajali ya gari, pamoja na mdogo wao, wakiwa safarini kati ya onyesho moja na jingine. Bendi ilifanya onyesho la kuwachangia wazazi. Watu waliopita humo pamoja hawawezi kuiona albamu kama bidhaa ya dukani, na ninapowasikia wakisema bendi yao iliishia 1996 nasikia pia msiba.

Hilo haliwapi haki ya kuwafungia wengine nje. Mwaka 2005 "Beverly Hills", wimbo mwepesi kuliko karibu wote wa albamu ya kijani, ulifika nafasi ya 10 kwenye chati kuu ya Marekani na kuwaletea uteuzi wao wa kwanza wa Grammy. Albamu yake, "Make Believe", ilipewa alama 0.4 kati ya 10 na Pitchfork. Mwaka 2010 mtu mmoja alianzisha mchango wa kukusanya dola milioni 10 ili bendi ikubali kuvunjika. Mwaka 2018 kipindi cha Saturday Night Live kilitengeneza mchezo mzima juu ya ugomvi huu: Matt Damon anaitetea kila albamu, Leslie Jones anasema hakuna kitu baada ya "Pinkerton", na karamu ya chakula inaharibika.

Mwaka huohuo ndipo Weezer walipofika kwetu, kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Msichana wa miaka 14 kutoka Ohio alikuwa ameanzisha kampeni ya kuwaomba waimbe upya "Africa", wimbo wa Toto wa mwaka 1982 unaoitaja Kilimanjaro na Serengeti. David Paich wa Toto aliutunga kabla hajakanyaga bara hili, na jiografia yake inaonyesha, kwani mlima na hifadhi vimeachana kwa zaidi ya kilomita 200. Weezer waliurekodi bila kuubadilisha sana, na ukapanda hadi kileleni mwa chati ya Billboard ya nyimbo za roki mbadala, mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa miaka 10. Wapenzi wa "Pinkerton" waliona aibu. Mimi niliona kijana aliyezaliwa baada ya albamu ya kijani akiiomba bendi wimbo na bendi ikamsikiliza. Yeye pia ni shabiki, sawa na aliyenunua albamu ya bluu siku ilipotoka.

"Pop iliwamaliza."

Si kweli. Albamu yao nyeupe ya mwaka 2016 ina nyimbo fupi, za jua na ufukwe wa California, zenye viitikio kila upande, na ina majina ya watu, mahali na hofu za mtunzi. Iliteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya roki. Wepesi na uwazi vilikutana tena, na sehemu kubwa ya pande mbili zilizogombana tangu 2001 iliipenda.

"Lawama ni za Ric Ocasek, ndiye aliyewasafisha kupita kiasi."

Si kweli. "Island in the Sun" isingekuwa kwenye albamu kama yeye asingeipigania, na kwa hilo pekee anastahili shukrani. Ila kuna ushahidi mkubwa zaidi. Ocasek alitayarisha albamu tatu za Weezer: ya bluu, ya kijani, na "Everything Will Be Alright in the End" iliyotoka Oktoba 2014, ambayo wimbo wake wa kwanza kutolewa, "Back to the Shack", unawaomba radhi mashabiki waliokwazika. Mkono ni uleule mmoja, na kazi hazifanani. Ile ya 2014 inafungwa na "The Futurescope Trilogy", sehemu tatu zinazofuatana, karibu zote ni magitaa yanayojibizana na kukwea, na solo hazirudii ubeti wowote. Ocasek alifariki Septemba 2019, na hiyo ndiyo albamu ya mwisho aliyowafanyia. Anayemlaumu kwa dakika 28 za mwaka 2001 aisikilize mpaka mwisho, kwa sauti ya juu, kabla ya kusema neno jingine.